Dakika ya Sifuri

Jumatatu, 12 Februari

Kwa Mtunza Paka,

Hunijui, na mimi wewe nakujua mikono tu. Siku nilipomleta paka wangu hapo kwenye taasisi yenu, ulitoka mlangoni umevaa koti la kijani, ukakipokea kikapu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, ukamwambia aliyemo ndani, "Karibu mzee, naona umekula chumvi nyingi na vingine zaidi ya chumvi." Nikacheka mpaka nikasahau kulia. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si Daktari.

Anaitwa Gunia. Kwenye fomu wamemwandika Namba Tisa, lakini ukimwita hivyo hatageuza hata sikio. Ana miaka minane na kilo saba na kitu, na unene huo nimeutia mimi. Nilikuwa fundi cherehani, nashona sare za shule, na kila nilipokata uzi nilimtupia kitonge. Sare zina uzi mwingi. Watu wakaniita Bi Uzi, naye wakamwita Gunia.

Macho yalipoanza kunigomea nilihamia kwa mwanangu. Mkwe wangu ana pumu, kifua chake hakivumilii manyoya. Daktari alinieleza kwamba mtampima Gunia akiwa mnene, mtampunguza, kisha mtampima tena, na utafiti ukiisha, mwenye kumtaka paka wake atarudishiwa. Mimi namtaka. Mwanangu ananijengea kibaraza upande wa nyuma, mbali na madirisha ya mkwe. Ikifika mwezi wa tisa kitakuwa tayari.

Naomba unijibu mambo matatu. Anakula? Analala wapi? Na hicho kipimo chenyewe ni kitu gani? Mwanangu anasema watu wa taasisi hawajibu barua. Nimemwambia tutaona.

Bi Uzi


Jumamosi, 24 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatano. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kujibu kutoka kwenye daftari langu, si kutoka kichwani. Nina daftari la siku tangu nilipomaliza kidato cha nne. Kila jioni naandika tarehe na kilichotokea, hata kama hakikutokea kitu.

Anakula. Siku mbili za kwanza aligoma, ya tatu alikula robo, sasa anamaliza na kulitazama bakuli la jirani.

Analala Chumba cha Sita, ambacho ndicho changu. Wako kumi na wawili, wembamba sita na wanene sita. Kizimba chake ni cha chini, karibu na dirisha. Nilimhamishia huko kwa sababu ngazi ya juu alikuwa anapanda kwa awamu.

Kipimo ni hivi. Paka halishwi tangu saa mbili usiku. Asubuhi anakuwa na mrija mwembamba kwenye mshipa, tuliouweka jana yake akiwa amelazwa kwa dawa, ili asichomwe tena na tena. Tunatoa damu kidogo ya kwanza kabla ya kitu chochote kuingia. Hiyo inaitwa dakika ya sifuri. Kisha Daktari anaingiza sukari ya maji, na tunatoa damu dakika ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, na kuendelea hadi saa mbili nzima. Tunaangalia mambo mawili: sukari inashuka kwa mwendo gani, na insulini, ambayo ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kuingia mwilini, inakuja lini na kwa wingi gani.

Kwa paka mwembamba sukari hupanda na kushuka kama mtu aliyekwenda darini kuchukua kitu akarudi. Kwa mnene hukaa huko juu kama mgeni asiyejua kuaga. Insulini yake huchelewa, halafu hutokea nyingi kwa pamoja, kama majirani waliofika na ndoo nyumba imeshaungua.

Kazi yangu mimi ni kumshika. Saa mbili, bila kubadilisha mkono.

Mwambie mwanao tumejibu.

Mtunza, Chumba cha Sita


Jumatatu, 18 Machi

Mama, shikamoo.

Hii si barua ya habari njema, na naona ni bora uisikie kwangu.

Tumempima Gunia mara mbili. Dakika ya sifuri, kabla ya sukari yoyote, sukari ya damu ya wenzake wanene iko kwenye tano. Yeye alisoma kumi na mbili, na mara ya pili kumi na mbili na nusu. Daktari anasema kuna njia mbili: ama ameshaugua kisukari, ama anaogopa. Paka akiogopa, mwili wake wenyewe humwaga sukari kwenye damu ili apate nguvu za kukimbia, hata kama hakuna pa kukimbilia. Mkojo wake hauna sukari, kwa hiyo mimi naamini ni woga. Lakini Daktari hapimi ninachoamini.

Akisoma hivyo tena atatolewa kwenye utafiti. Anayetolewa hupelekwa kituo cha wanyama wasio na wenyewe, na huko vizimba ni vichache kuliko wanyama. Sitakuzungusha, mama, unajua maana yake. Nimeuliza kama unaweza kumchukua mara moja. Wamesema ndiyo, lakini umesema kibaraza ni mwezi wa tisa.

Nina wazo moja. Nitumie kitambaa ulichokivaa. Nitamwekea.

Mtunza


Jumatano, 27 Machi

Ndugu Mtunza,

Kibaraza bado ni misumari na mchanga, huyo fundi ana maneno mengi kuliko nyundo. Asimtoe. Mwambie Daktari huyo paka aliwahi kulala cherehani inaunguruma sentimita kumi kutoka sikioni mwake. Si mwoga. Ni mgeni tu.

Nimekutumia kitambaa changu cha kichwani, cha maua ya bluu. Nimekifua mara mbili kwa sabuni ya unga, nikakianika juani, nikakipiga pasi. Sikulelewa kumpelekea mtu kitu kichafu.

Bi Uzi


Ijumaa, 5 Aprili

Mama, shikamoo.

Kosa ni langu, sikueleza. Nilifungua kifurushi nikasikia harufu ya sabuni, nikajua tumekwisha. Gunia alinusa mara moja, akapiga chafya, akakipa mgongo.

Nimemwomba Daktari asogeze kipimo cha tatu hadi tarehe 22. Ameniuliza sababu. Nimesema mrija unataka kubadilishwa, jambo ambalo ni kweli kwa kiasi.

Naomba kingine, mama. Kichafu. Uvae siku nyingi kadiri uwezavyo, na usikifue. Najua naomba jambo la aibu kwa mtu ambaye hatujawahi hata kukaa meza moja.

Mtunza


Ijumaa, 12 Aprili

Mwanangu Mtunza,

Nimekivaa siku tano, mchana na usiku, na jikoni nikiwa juu ya vitunguu. Siku ya tatu mkwe akaniuliza, "Mama, nikufulie hicho kitambaa?"

Nikamwambia, "Kiache, ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya sukari."

Akamtazama mume wake, mume wake akatazama simu. Sasa wanataka kunipeleka hospitali.

Kimo humu. Usikifungue mbele za watu.

Bi Uzi


Jumanne, 23 Aprili

Mama, shikamoo, na kaa chini kwanza.

Dakika ya sifuri: tano nukta nne.

Naandika kama nilivyoandika kwenye daftari. Saa mbili kasoro robo nilikiweka kitambaa juu ya meza. Gunia akakisogelea kwa tumbo, akakikanyaga kwa miguu ya mbele, mmoja mmoja, kama anayekanda unga. Kisha akaweka kidevu. Nikamshika, lakini hapakuwa na cha kushika. Sukari ilipoingia ilipanda, na ilichukua muda mrefu kushuka, hata baada ya saa mbili haikufika chini. Insulini ilichelewa na kuja nyingi. Ni mnene halisi, mama, hana ugonjwa mwingine. Amebaki.

Daktari akaniuliza, "Umemfanya nini?" Nikasema nimemfunika. Akasema niwafunike wote. Nimeshindwa kumweleza kwamba wengine hawana wa kuwatumia.

Kesho anaanza kupunguzwa chakula, polepole. Paka mnene akikondeshwa haraka ini linaharibika.

Mtunza


Jumapili, 7 Julai

Mama, shikamoo.

Kilo sita na gramu mia nane. Shingo imeonekana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Namchezesha kwa kamba asubuhi na jioni. Jioni nabaki naye baada ya wengine kuondoka, kwa kuwa sina haraka ya kufika ninakokwenda. Mke wangu alirudi kwao mwaka wa sita sasa, na nyumbani kila kitu kipo pale nilipokiacha. Namsomea Gunia barua zako. Anasikiliza vizuri kuliko watu wengi niliowahi kuwasomea kitu.

Kitambaa nakiweka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, nakitoa dakika kumi kwa siku ili kisimalizike.

Mtunza


Jumamosi, 20 Julai

Mwanangu Mtunza,

Marahaba. Msimkaushe kabisa, gunia tupu halisimami.

Kibaraza kimeezekwa mabati wiki hii. Nimechagua upande wa jua la asubuhi, na nimeacha tundu dogo chini ya mlango, apite bila kubisha hodi.

Hapa watu ni wengi na nyumba ni tupu. Saa moja asubuhi wote wanatoka. Mlango unafungwa mara nne, nazihesabu. Jioni wanarudi, kila mtu na simu yake, tunakaa sebule moja kama watu wanaongoja kuitwa majina. Si wabaya. Wananiuliza "Mama, umekula?" na nikijibu wameshageuka.

Barua zako nazisoma mchana, saa nane, ninapoishiwa na vitu vya kukunja. Usiache namba. Zile namba nazipenda, ni kama vipimo vya mtu ninayemshonea.

Bi Uzi


Jumatatu, 7 Oktoba

Mama, shikamoo.

Najua ulikuwa unategemea mwezi wa tisa. Utafiti umeongezwa miezi miwili. Daktari anataka kipimo kimoja zaidi ili awe na uhakika. Gunia hajambo, ana kilo tano na gramu mia saba.

Nisamehe kwa barua fupi, kazi ni nyingi.

Mtunza


Jumatatu, 14 Oktoba

Mwanangu Mtunza,

Marahaba. Kama umeongezwa, umeongezwa. Kibaraza hakina haraka.

Basi nitumie namba za hicho kipimo kikifanyika. Zote, kuanzia sifuri.

Bi Uzi


Jumatatu, 28 Oktoba

Mama, shikamoo.

Kipimo kilikuwa Alhamisi. Sifuri: tano. Dakika ya tano: kumi na tisa. Ya kumi na tano: kumi na saba. Nusu saa: kumi na tano. Dakika arobaini na tano: kumi na tatu. Saa moja: kumi na moja. Saa na nusu: nane. Saa mbili: tano.

Ni namba nzuri sana. Insulini ilikuja mapema, kama ya paka mwembamba.

Mtunza


Jumatatu, 4 Novemba

Mwanangu Mtunza,

Namba nimezipata. Nzuri kweli.

Nikuulize, maana mara ya mwisho nilikuuliza mwezi wa pili: siku hizi analala wapi?

Bi Uzi


Jumapili, 17 Novemba

Mama,

Shikamoo naiandika ingawa sistahili kuitikiwa.

Analala kwangu. Chini ya meza ya jikoni, juu ya koti langu la kijani.

Nakuandikia kama ilivyo kwenye daftari. Kipimo cha mwisho kilikuwa tarehe 24 Septemba. Tarehe 27 utafiti ulifungwa. Jumatatu, tarehe 30, ofisi ilinipa barua sita za wenye paka, za kuwauliza kama wanawataka tena. Kazi ya posta ni yangu. Tano nilizipeleka. Yako niliiweka ndani ya daftari, na bado imo. Ijumaa ya wiki hiyo, kwenye kitabu cha makabidhiano, mbele ya Namba Tisa, niliandika kwa mkono wangu: mmiliki hakujibu. Chini yake nikasaini kwamba mimi ndiye ninayempokea. Nikamtoa kwa kikapu chako kilekile.

Miezi miwili ya nyongeza niliitunga. Kipimo cha Alhamisi nilikitunga. Siku niliyokuandikia zile namba nilifungua daftari jioni, nikaandika tarehe, na sikuweza kuandika kitu kingine. Ni ukurasa pekee ulio hivyo kwa miaka ishirini na tatu.

Sina sababu nzuri. Siku wale paka wengine walipoondoka, Chumba cha Sita kilikuwa kimya hadi nikasikia saa ya ukutani, ambayo sikuwa nikijua kama inalia. Nikaona nikimpeleka Gunia, na barua zitakwenda naye. Nilimtaka paka, mama, lakini na bahasha pia niliitaka.

Kitambaa chako hakina harufu tena. Ananusa, ananitazama, anarudi kwenye koti. Ndiyo siku nilipojua nimeiba kweli.

Jumamosi tarehe 30 nitamleta. Nitafika saa nne asubuhi. Si lazima unikaribishe. Nitakiacha kikapu kwenye kibaraza na kuondoka.

Mtunza


Jumatatu, 25 Novemba

Mwanangu Mtunza,

Marahaba. Nimeitikia, na usirudie kuniambia nani anastahili.

Usimlete.

Sasa na wewe kaa chini. Tarehe 2 Oktoba nilipata barua kutoka kwa Daktari. Ya shukrani, amepiga chapa vizuri, ananieleza utafiti umekwisha na ananiambatishia karatasi ya namba za Gunia. Nadhani hakujua kwamba ya ofisi umeikalia. Kwa hiyo ilipofika yako ya "umeongezwa miezi miwili", nilikuwa nimeshakunja ya Daktari nikaiweka chini ya godoro. Nilikaa nayo siku nzima. Kwanza nilikasirika. Halafu ikafika saa nane, nikaisoma tena, nikaona ni barua bado.

Ndipo nikakuomba namba. Nilitaka nione utafika wapi. Namba za kweli alizoandika Daktari zinaanzia nne na nukta tisa, zinapanda, zinasita, zinashuka ghafla, zinasita tena, na saa mbili ziko tano na nukta tatu. Zako zilikuwa zinashuka mbili mbili, kisha tatu tatu, kama ngazi ya saruji. Nimepima watu miaka arobaini. Kitu kilichonyooka hivyo hakijapimwa, kimechorwa. Ulitengeneza paka bora kuliko paka.

Lakini mimi sina mdomo wa kukuhukumu, kwa sababu hakuna kibaraza.

Hakijawahi kuwepo. Mwanangu hakuniahidi, na sikumwomba. Ningemwambia nini, aweke manyoya mlangoni kwa mkewe anayelala ameketi kwa kukosa pumzi? Siku namleta Gunia kwenu nilijua simchukui tena. Kibaraza nilikijenga mwenyewe, barua hadi barua. Misumari niliileta mwezi wa tatu, mabati nikaezeka mwezi wa saba, na lile tundu chini ya mlango nililifikiria wiki nzima. Nyuma ya nyumba hii kuna ukuta wa jirani na pipa la maji. Mwezi wa tatu, uliponiambia ningeweza kumchukua mara moja, nilikaa kitandani na ile barua na sikuwa na pa kumweka. Kama kile kitambaa kisingefaa, angekufa kwa uongo wangu. Hilo silisahau.

Ningekuambia tangu mwanzo kwamba simchukui, ungekuwa na sababu gani ya kuniandikia? Mtu humwandikia mwenye paka.

Basi Gunia ni wako. Kirekebishe kitabu cha makabidhiano: mmiliki amejibu, amesema akae. Tarehe weka ya leo. Na ile barua ya ofisi iliyomo kwenye daftari lako nitumie, niijaze kwa mkono wangu, usiwe mwizi kwenye karatasi.

Endelea kunipa uzito wake kila mwezi, hata akiongezeka, na ukimtupia kitonge cha siri uniambie ukweli. Huku hakuna kipya. Mlango bado unafungwa mara nne.

Nakutumia kitambaa kingine, cha kijivu. Nimekivaa tangu Alhamisi iliyopita, hata sijakikung'uta. Kiweke chini ya meza, pembeni ya koti lako, asilazimike kuchagua.

Nawe, ukipata nafasi, nitumie kitu alichokilalia. Usikifue.

Bi Uzi